Mluzi wa Darubini

Ukiambiwa na wifi yako "twende wote", usidhani mnaenda kutembea, unaenda kuhojiwa. Mjane wa Darubini alilijua hilo, akaenda hivyo hivyo. Wakapiga hema kwenye hifadhi ile ile ya pwani, kando ya mikoko ile ile.

Mumewe alibandikwa jina hilo kwa sababu darubini haikumtoka shingoni, hata akiwa mezani anakula. Mwaka jana alitoka hemani alfajiri kwenda kutazama ndege aina ya heroe kwenye fungu la mchanga. Maji yakajaa, na mwili wake haukuonekana tena.

"Hivi siku ile hakukuita kabisa?" wifi aliuliza asubuhi, akikoroga chai.

"Hakuniita, wifi yangu. Na mimi nilikuwa nimelala fofofo."

Swali hilo lilikuwa limeulizwa mpaka limechakaa. Wifi hakuwa mkorofi. Alikuwa dada aliyefiwa bila kaburi, na alitaka kujua jambo moja tu: kaka yake alizama kwa ubishi wake, au alikuwa anamngoja mtu?

Maana tangu utotoni Darubini alikuwa na mluzi wake. Miwili mifupi na mmoja mrefu wa kupanda: njoo uone. Dada alifundishwa kujibu, baadaye na mke: mmoja wa kushuka, nakuja. Ukishajibu, aliyeita habanduki alipo mpaka ufike, ili muone wote wawili na pasiwe na wa kubisha. Watu wale walipenda ushahidi kuliko chakula.

Mluzi ukalia kutoka kwenye mikoko. Miwili mifupi, mmoja mrefu.

Kikombe kikamponyoka wifi. "Kaka!" Alikwishafika kwenye tope pale askari wa hifadhi alipomdaka mkono.

"Dada, rudi, maji yanajaa. Huyo ni ndege." Akamwonyesha kwenye tawi: kadogo, kifua rangi ya chungwa. "Anaiga kila kitu. Juzi kaiga pikipiki yangu, nikatoka mbio nikijua naibiwa. Ila hana cha kutunga huyo. Alivyosikia ndivyo anavyorudia, toka mwanzo mpaka mwisho."

Wifi akacheka huku machozi yakimtoka. Ndege akaanza upya. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Kisha mmoja wa kushuka.

Wifi akaacha kucheka.

Ndege akaita tena. Akaita tena, na tena, na safari hii jibu halikuwepo.

"Mimi siku ile nilikuwa mjini," wifi alisema taratibu. "Nani alimjibu?"

Mjane alifumbua mdomo aseme huenda ni wageni wengine. Aliona aibu, akaufumba. Alikuwa amejibu akiwa ndani ya blanketi, macho kafumba, kisha usingizi ukamchukua.

Ndege akaita. Midomo ya mjane, iliyozoea miaka yote ile, ikajibu kabla hajaizuia: mmoja wa kushuka.

Askari akatazama chini. Wifi akamgeukia mjane.

"Kumbe alikungoja," akasema.

Ndege alikuwa amenyamaza, lakini hakuruka. Alibaki pale tawini, ameelekea kwenye hema, na maji yakipanda chini yake.