Mama wa Kutoa Shukrani

Levina alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo, akikomba maji kwa kikombe cha plastiki. Mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu. Alikomba, akamimina kwenye ndoo, akangoja maji mengine yachuruzike. Ukingoni wanawake walisubiri zamu zao kimya. Tangu mumewe akamatwe, waliogopa kuonekana wakizungumza naye.

Pikipiki ya mtendaji wa kijiji ikasimama. Mathias alikuwa rika la mwanawe wa kwanza, lakini hakumwamkia. Alingoja aamkiwe.

"Habari za asubuhi, mheshimiwa," Levina akasema kutoka shimoni.

"Nzuri. Panda huku tuongee."

Mumewe, Renatus, alikuwa amesimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza swali moja: kwa nini kisima kilichochimbwa kwa jina la kijiji kiko ndani ya uzio wa diwani, kikimwagilia vitalu vyake vya tumbaku? Watu wakapiga makofi. Jioni ile ile polisi wakamchukua. Uchochezi, walisema. Levina alikuwa akipeleka chakula kituoni. Chakula kilipokewa, yeye alirudishwa mlangoni.

"Kesho tuna wageni kutoka mkoani," Mathias akasema. "Wanakuja kuona maendeleo na utulivu. Tunataka mama mmoja atoe shukrani. Tumekuchagua wewe."

"Nishukuru nini, mheshimiwa?"

"Amani. Kisima. Wazee wenu walikuja hapa Ulyankulu wakikimbia kuuawa Burundi. Mkapewa ardhi, mkapewa uraia. Hilo ni dogo?"

"Renatus kazaliwa hapa hapa."

"Uraia wenu ni wa kupewa, mama. Na cha kupewa hurudishwa." Hakupandisha sauti. "Ukisema vizuri, mumeo atatoka."

Kesho yake turubai lilifungwa uwanjani. Mpira wa maji ulikuwa umevutwa kutoka kwa diwani, ukafukiwa ardhini, na mwisho wake ukafungwa bomba jipya linalong'aa. Wanawake walipangwa nyuma ya kamba na ndoo zao. Waliambiwa watachota maji wageni wakishaondoka.

Levina akapewa kipaza sauti. Alishukuru kwa amani. Alishukuru kwa kisima. Nyuma ya kamba mtu mmoja akaguna. Mgeni mkubwa akaitikia kwa kichwa, akifurahi.

"Na wale wachochezi tunaowasikia, mama? Wapo?"

Levina akamtazama Mathias. Mathias alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Alikuwapo mmoja," akasema. "Serikali imeshamshughulikia."

"Ni mtu wa hapa?"

Kipaza sauti kilivuma. Aliona shemeji yake, Anselm, mdogo wake Renatus, amesimama katikati ya watu, kofia mkononi.

"Ni mpita njia tu. Simjui."

Makofi yakapigwa kuanzia meza kuu. Anselm akavaa kofia yake, akaondoka bila kugeuka.

Wageni walipokwisha kula na magari kuondoka, Levina alimkimbilia Mathias, akamshika mkono wa shati.

"Nimesema yote, baba. Niende kumchukua sasa hivi?"

"Umesema vizuri mno. Ijumaa wanakwenda kijiji cha jirani. Utashukuru na kule. Vaa kitenge hicho hicho."

"Na mume wangu?"

Mathias akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyekumbushwa utani.

"Mume yupi, mama? Si umesema humjui, mkoa mzima ukisikia?"

Akamtolea chupa ya maji iliyobaki meza kuu, akamwekea mkononi, akawasha pikipiki.

Kamba ilikuwa imefunguliwa. Wanawake walikuwa wamelikimbilia bomba, lakini vijana wa diwani walikuwa wameshayafunga maji kule ndani ya uzio na sasa walikuwa wakiufukua mpira. Bomba likakohoa upepo juu ya ndoo ya kwanza. Mwanamke mmoja akageuka, kisha wote wakageuka. Levina alikuwa bado amesimama mbele ya viti vitupu na chupa yake, baridi, haijafunguliwa. Wakamtazama tu, wakingoja wamwone akinywa.