Bawabu na Saa ya Mkurugenzi

Alhamisi, saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi wa mitambo alibandua ukutani karatasi yenye nywila ya ofisi nzima, akaichana vipande vinne na kuitia kapuni. Ilikuwa imekaa pale miaka sita, juu ya birika la chai, na hata mfagizi aliijua kwa moyo.

Ofisi ile ilitunza kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa. Majalada yalikuwa ndani ya mashine tano za kutafutia: ukiuliza jina, zinagawana kazi na kukuletea jibu. Sasa fundi alikuwa ameziongezea ya sita, akaiita Bawabu. Asubuhi unajitambulisha kwa Bawabu mara moja tu, anakupa tiketi, na tiketi hiyo ndiyo unayozionyesha zile tano mpaka jioni inapokufa. Sharti lake lilikuwa moja: saa yako na yake zisipishane zaidi ya dakika tano, la sivyo anakuhesabu mwongo.

Fundi alikuwa na lake moyoni. Mjomba wake alikuwa ameandikwa marehemu na karani aliyeruka mstari, na Jumamosi mzee alitaka kumwoa mshonaji wa mtaa wa pili. Maiti haoi. Kumrudisha mtu kwenye uhai kulitaka tiketi mbili kwa pamoja: ya Mkurugenzi mwenye kuidhinisha, na ya kidole gumba cha anayedai yu hai. Mjomba alikuwa kwenye benchi tangu saa moja na nusu, kavaa suti mpya ambayo bado ina chaki ya mchumba wake begani.

Mfagizi alipata tiketi. Karani akapata. Mkurugenzi aliingia saa tatu, akasema, "Saa mbili kamili," kama kawaida yake, akajitambulisha. Bawabu akamkataa: tofauti ya dakika sitini.

Fundi akaikagua kompyuta ya Mkurugenzi, ikawa sawa hadi sekunde. Basi akamkagua mwenyewe. Salamu aliyopewa na mfagizi mlangoni, Mkurugenzi aliiitikia saa nne, akiwa peke yake chumbani. Chai iliyokwisha kupoa aliipuliza. Alifungua mwavuli kwa mvua iliyokatika zamani. Mtu yule aliishi saa moja nyuma ya wenzake, na miaka yote hiyo watu walidhani ni majivuno tu. Karani alisema afadhali ugonjwa umejulikana.

Fundi alimwomba kwa adabu aharakishe kidogo, awafikie wenzake. Jibu lilikuja baada ya saa moja.

"Mkubwa hachelewi, mwanangu. Ni nyinyi mnaowahi. Rudisha hiyo mashine nyuma."

Fundi hakuafiki, lakini mwenye nguvu mpishe. Ijumaa alfajiri alimrudisha Bawabu saa moja nyuma, pamoja na zile mashine tano, na jengo zima likafuata. Chai ikapanda tena vikombeni ikiwa ya moto. Vumbi alilokwisha kulizoa mfagizi likarejea chini ya meza, akalifagia upya huku akinung'unika. Mkurugenzi akapata tiketi yake bila shida.

Ndipo Mjomba akaingia kutoka nje, ambako saa haikurudi, akaweka kidole. Bawabu akamkataa: tofauti ya dakika sitini.

Fundi alimkalisha kwenye benchi, labda ile saa itamfikia. Baada ya saa moja jengo lilikuwa limesogea saa moja, na Mjomba naye vilevile. Alijaribu kumweka Bawabu katikati, nusu saa hivi. Wakakataliwa wote wawili. Mkurugenzi akaamuru Bawabu arudishwe nyuma upesi, kisha akamtazama mzee kwa huruma.

"Mzee wangu, umewahi mno. Rudi Jumatatu."

Jumamosi harusi ilifungwa hivyo hivyo, uani kwa mshonaji. Mfungishaji ndoa aliziuliza zile mashine tano, akaandika zilichomjibu. Cheti kikatoka: bwana harusi, marehemu; bibi harusi, mjane. Fundi alilia kwa uchungu, maana Bawabu alikuwa kazi ya mikono yake na alifanya kazi vizuri kabisa. Mshonaji alikisoma cheti mara mbili.

"Angalau jina langu wamelipatia," alisema, akakitundika juu ya cherehani. Mjomba akacheza mpaka chaki ikamtoka begani.

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa kwenye benchi lake. Mkurugenzi alipopita, Mjomba alimwuliza habari za asubuhi, naye akapita kimya. Mzee hakuona ubaya, akasubiri. Baada ya saa moja, kutoka ukumbini ambamo hamkuwa na mtu mwingine, sauti ya Mkurugenzi ikaitikia:

"Nzuri, marehemu. Leo umewahi tena."