Kipimo cha Revocatus

Jeneza la kaka yangu Revocatus lilikuwa na sentimeta mia mbili na tano. Fundi alilipima mbele yangu hapa Kigera, nami nikampigia baba simu Butiama ili wachimbaji waanze. Kwetu kaburi halipanuliwi jeneza likiwa limeshafika. Watu watasema marehemu amekataliwa kwao, na Revocatus alishakataliwa vya kutosha.

"Sentimeta sizijui," baba akasema.

Nikageuza: karibu futi saba. Akasema futi ni za mafundi. Basi nikalipima jeneza kwa kiganja, nikamwambia shubiri tisa na kidogo.

"Shubiri za nani? Zako au zangu?"

Mzee wangu ana kichwa kigumu, nasema wazi.

"Sabina, mimi ndiye niliyemzaa," akaendelea. "Ananifikia hapa begani. Nakata ufito wa kimo hicho, naongeza shubiri moja ya mbao, basi."

"Baba, amekua."

Akakata simu. Nikampigia Prosper, mmoja wa wachimbaji. "Mzee ameshika ufito wake," akasema. "Nani atamgusa leo?"

Revocatus aliondoka na miaka kumi na tano, baba alipomchapa na kumfukuza kwa ajili ya ng'ombe aliyepotea. Akaenda Kisorya kuvua, akaoa huko. Kila Krismasi nilikuwaga nambembeleza baba amwite. Jibu lake lilikuwa moja tu: anaijua njia.

Kesho yake tukafika Butiama. Katekista akasali, wakashusha jeneza kwa kamba. Upande wa miguu ukaingia, wa kichwa ukakwama ukingoni. Wakajaribu tena, wapi. Wakalitoa, wakaliweka chini pembeni. Nilitaka kumwambia baba mbele ya ukoo mzima kwamba hata leo amemfungia mlango.

Lakini baba alishainama. Aliweka kiganja chake miguuni pa jeneza, akaanza kupima shubiri kwa shubiri, polepole, mpaka kichwani. Alipofika hapo akabaki ameinama.

"Sabina," akaniuliza kwa sauti ndogo, "alirefuka hivi lini?"

"Mwaka ule ule aliotoka, baba. Ungemwita Krismasi ya kwanza ungemwona."

Akavua koti, akachukua jembe mkononi mwa Prosper, akashuka kaburini kupanua mwenyewe.