Kigae Chekundu Tumboni

Mke wangu Etelvina aliuawa na kigae cha sahani. Kwenye ripoti wakubwa waliandika "mvua."

Kazi yetu hapa kwenye magofu ya Panama ya Zamani ni kuchimba na kuosha vigae. Daktari Quijada, mkuu wetu, anavitaka vya Sevilla, vilivyokuja na meli za Wahispania. Kikitoka kimoja, mtu anashushwa kutafuta vingine. Lakini wafinyanzi wa kale wa mji huu waliiga ile ile buluu juu ya weupe, kwa hiyo uso wa kigae hauaminiki. Unavunja ukingo, unatazama tumbo, yaani udongo wa ndani. Cha Sevilla kina manjano hafifu. Cha hapa ni chekundu kama tofali.

Siku kilipotoka kimoja, Etelvina alimwambia, "Daktari, vunja kwanza."

"Mama, wewe osha."

Kisha akamshusha shimoni, kuta hazina hata ubao wa kuzizuia. Zikamwangukia. Nilimfukua kwa kucha. Kinywa kilijaa udongo.

Juzi, baada ya mvua ya siku tatu, kigae kingine kikatoka shimo lile lile.

"Sevilla!" Quijada akapiga kelele. "Belisario, shuka."

Belisario ni kaka yake Etelvina. Akaanza kuvua viatu.

"Shemeji, usishuke."

"Atanifukuza. Wanangu watakula vigae?"

Nikamgeukia Quijada. "Kivunje, Daktari."

"Nivunje kitu cha makumbusho? Mzee, hata jina lako huwezi kuliandika."

"La mke wangu naliweza. Nililiandika msalabani."

Akanisukuma. Nikampiga mkono kwa koleo, mfupa ukaalika kama kuni kavu. Kigae kikaanguka. Wasimamizi wawili wakanirukia, mmoja akanikanyaga shingo, mwingine akaning'oa meno mawili kwa buti. Nikiwa pale chini, nikakishika kigae, nikakibamiza kwenye jiwe.

Chekundu. Chekundu kote.

Nikamwinulia Belisario. Alikitazama, akautazama ukuta uliokuwa unachuruzika maji, akavaa viatu.

"Cha hapa hapa hiki," akasema. "Shuka mwenyewe, Daktari."

Ukuta haujaanguka bado. Quijada, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, anawaambia polisi huo ndio ushahidi kwamba mimi ni kichaa.

Asubuhi hii Belisario amekuja mahabusu na kahawa.

"Nimefukuzwa, shemeji."

"Najua."

"Umenivunjia riziki, mzee wewe." Analia, huku ananinywesha kwa upande wa mdomo ambao haujapasuka.