Saa ya Kenga kwa Fundi Habib

Lewa aliingia kwa fundi Habib bila hodi, akavuta kiti cha wateja, akakaa katikati ya mlango. Mteja mwingine angepita wapi, shauri yake.

"Hata shikamoo, mwanangu?" fundi akauliza, jicho moja kwenye kioo chake cha kukuzia.

"Shikamoo nilikuamkia Jumatatu. Nikakuamkia na ile Jumatatu nyingine. Leo nataka saa."

"Bado kidogo tu. Njoo kesho."

Kesho! Ewe Mola, neno hilo! Hapa Malindi kuna mafundi waliooa, wakazaa na wakapata wajukuu kwa neno hilo moja. Lewa alihisi damu ikimpanda hadi masikioni.

Saa yenyewe ilikuwa ya Kenga, rafiki yake tangu utotoni huko Vitengeni. Saa ya kuzamia, ya chuma, nzito, ambayo Kenga aliirithi kwa baba yake aliyezamia na Wazungu miaka ya sabini na kitu. Kenga naye alizamia Kilifi, akikagua minyororo ya maboya wanakofungia matajiri mashua zao. Mshale wa kuonyesha hewa iliyobaki mtungini uliharibika, tajiri wake akasema atanunua mwingine. Weee, ngoja ufe! Ikabidi Kenga ajipimie kwa saa: dakika arobaini chini, basi, panda. Kisha saa nayo ikaingia maji, akaileta kwa Habib. Kesho, kesho, miezi saba. Siku moja Kenga akateremka mkono mtupu, akihesabu kwa kichwa, na hewa ikamwishia chini. Lewa ndiye aliyekuwa mashuani, ameshika kamba.

Mjane wa Kenga, Kahonzi, alimpa Lewa karatasi ya fundi. "Mwenyewe alisema akifa saa ni yako," alimwambia. "Lakini ilete ukoo uione, nikukabidhi mbele yao." Na leo jioni ndipo matanga yanamalizwa. Mzee Ziro, baba mdogo wake Kenga, alishaanza kutangaza kwamba Lewa ameiuza saa kwa Mtaliano. Ati Lewa amwibie maiti! Lewa aliyemtoa Kenga majini kwa mikono yake mwenyewe!

Habari ya kifo hakumwambia fundi. Hakuwa mjinga. Fundi akijua mwenye saa amekufa, saa hupotea siku hiyo hiyo.

"Siondoki," akasema. "Itengeneze nikiona."

"Mwanangu, subira huvuta heri."

"Yako huvuta jeneza! Fungua huo mtoto wa meza!"

Alinguruma hata muuza kahawa wa baraza ya pili akaja kuchungulia. Habib akanung'unika kwamba watu wa siku hizi hawana adabu, wallahi, kisha akafungua. Saa ilikuwamo, imefungwa kitambaa, na juu ya kitambaa kimebandikwa kikaratasi: Kenga, haraka. Haraka! Na mwandiko ni wa Habib mwenyewe!

Nusura Lewa amkabe. Alijizuia kwa sababu moja tu: mikono ile alikuwa akiihitaji.

Fundi akafungua mgongo wa saa. Akachomoa kile chuma chembamba cha kuitilia ufunguo, kilichokuwa kimeliwa na kutu, akapekua katika kopo la biskuti, akapata kingine. Akasafisha, akatia mafuta kwa ncha ya sindano, akabadilisha kijipira cha kuzuia maji, akafunga. Kazi aliijua barabara, mkono haukumtetemeka hata kidogo, na hilo lilimuudhi Lewa zaidi. Angalau angekuwa fundi mbovu! Kisha Habib akaitia ufunguo, akamsogezea sikioni.

Ilikuwa ikienda. Machozi yakamtoka Lewa, akayachukia pia.

"Umeona?" Habib akatabasamu. "Kazi yenyewe ndogo, hata dakika ishirini hazikufika. Msalimie Kenga. Mwambie asininunie, aje tunywe kahawa."

Lewa akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kenga amekufa. Amefia majini mwezi uliopita kwa kukosa hii."

Fundi akakitoa kioo jichoni. "Inna lillahi... Mbona hukusema? Ningejua, ningeitengeneza siku ile ile."

"Kwa maiti ungefanya siku ile ile! Mzima alikuja hapa mara kumi na moja kwa miguu yake. Akakwambia, mzee, naitegemea chini ya maji. Ulimjibu nini?"

Habib akainamisha kichwa. Lewa alitaka ajibu, abishe, atukane, apate wa kugombana naye. Hasira ikakosa pa kwenda.

"Na mimi je?" Lewa akasema. "Asubuhi ile aliniambia, leo tusizamie, saa sina. Nikamcheka. Nikamwambia boya lenyewe moja, wacha woga, teremka. Sijamwambia mtu. Mke wake ananishukuru kwa kumtoa majini, sasa anipe na saa mbele ya ukoo mzima!"

Muuza kahawa aliyekuwa dirishani akaondoka polepole.

"Funga duka, mzee," Lewa akasema. "Twende Vitengeni sasa hivi. Wewe utamwambia Kahonzi ilichukua dakika ngapi, na mimi nitamwambia nilimcheka."