Mtaalamu wa Chembe

Nsajigwa alikuwa fundi baiskeli pale Mbugani, na watu walimpa ushenga kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Safari hii alikwenda kumposea kijana Anyitike. Kijana alimpenda Asifiwe mpaka akakonda, lakini baba wa binti, Mzee Andongwisye, alikuwa ameshatangaza kwamba miaka hii ya ruksa, kila mtu akiuza alichonacho, yeye hamwozi mwanawe kwa mtu asiye na kazi ya kueleweka.

"Kazi yako hasa ni nini?" Nsajigwa alimuuliza wakiwa njiani kwenda Matema.

"Natafiti chembe, kaka. Chuo Kikuu."

"Chembe!" Nsajigwa akajipiga paja. "Si ungesema mapema? Umeshaoa wewe."

Walipofika, salamu na shukrani, ndaga huku, ndaga kule, mshenga hakungoja hata kiti kipate joto. Akasema huyu ndiye mtaalamu wa chembe. Mzee, ambaye kila msimu aligombana na walanguzi wanaochanganya mchele wa Kyela na takataka za kwingine, aliinuka kama aliyeumwa na siafu. Akarudi na ungo umejaa mchele.

"Nionyeshe, mwanangu. Upi wetu, upi wa wezi?"

Anyitike akautazama ungo. Nsajigwa akamkonyeza: sema lolote! Lakini mjinga yule alikuwa mkweli.

"Tata, chembe zangu si za mchele. Ni ndogo mno. Zinatoka kwenye jua, zinapenya mlima ule, paa hili, hata mwili wako, na ni nadra sana kugusa kitu."

Mzee akajipapasa tumbo. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Umeziona?"

"Hapana. Mimi napiga hesabu tu."

"Nsajigwa," mzee akasema taratibu, "umeniletea mkwe au mwendawazimu?"

Mshenga akaanza kutafuta kofia yake.

Mara kikohozi cha mwanamke kikasikika nyuma ya migomba. Mzee akageukia ukuta na kujifunika uso kwa ungo, mchele ukamwagika wote. Aliyekohoa alikuwa mke wa Eliya, mwana mkubwa wa mzee, akipita na ndoo ya maji. Kwa mila ya Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawatazamani.

Anyitike akangoja nyayo zipotee. "Tata, umemwona aliyepita?"

"Mwiko! Tangu aolewe sijamwona uso."

"Basi unajuaje kwamba yupo?"

"Swali gani hilo? Mtungi hujijaza wenyewe?"

"Na wakubwa wetu wa utafiti walianza hivyo hivyo. Kiini cha atomu kilipovunjika, nguvu waliyoipata ilikuwa pungufu kuliko iliyostahili kutoka. Hesabu ikagoma. Wakajua kuna mmoja amepita na sehemu yake, hakutaka kuonekana."

Mzee akapangusa mchele uliomganda kwenye nyusi. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Kumbe ni vikamwana! Mbona hukuniambia kwamba vina adabu?"

Jikoni Asifiwe akapaliwa na kicheko.

"Haya, binti nimetoa," mzee akasema, akamwelekezea mshenga kidole puani. "Ila mahari, nataka ng'ombe wa kuonekana. Wenye pembe na mavi. Usije hapa na hesabu."

Nsajigwa, ambaye maneno ya hesabu yalikuwa yameshamfika kwenye ncha ya ulimi, akayameza.