Mahari ya Nanjala

Naibu wa mwalimu mkuu, Cleophas Osundwa, alinipokea akitafuna. Mbele yake kulikuwa na sahani ya ugali na kabichi, na hakuisogeza hata aliponiona nimesimama pale na binti yangu. Mtu aliyemharibia mtoto wangu jina nilimkuta anashiba. Nilimchukia kuanzia mlangoni.

"Nanjala tulishamfuta," alisema. "Sheria mnaijua. Asiyehudhuria vipindi vya kilimo hapelekewi alama za mradi kwa baraza la mitihani."

"Sheria hiyo hiyo inasema mgonjwa asamehewe," nikamwambia. "Barua ya hospitali hii hapa."

Hakuigusa. "Mgonjwa gani? Huyu msichana aliolewa, mama. Tuliambiwa na watu wa kwenu."

Nanjala aliinamisha kichwa. Tangu asubuhi wenzake darasani walikuwa wakimwita bibi arusi, wakimwuliza kama mzee hajambo. Mtoto wa kidato cha nne, ametoka kuugua mpaka sketi inamteleza kiunoni, anachekwa kwa ndoa ambayo hata mimi mama yake sijaisikia. Nilitamani kumwagia Osundwa kile chakula.

Mambo yalikuwa hivi. Mapumziko ya katikati ya muhula, Nanjala alienda Isecheno kwa kukhu wake, mama mkwe wangu. Malaria ikamwangusha huko huko, akalazwa. Osundwa alipoona haonekani shuleni alipiga simu, na nambari waliyo nayo ni ya kukhu. Sasa, mama mkwe wangu hawezi kumwambia mtu asiyemjua, tena kwa simu, kwamba wa nyumbani kwake ni mgonjwa. Kwake ugonjwa hautangazwi. Mtu akilazwa, yeye husema tu ameenda mahali. Na ulimi wake, kama ndimi za wengi wetu huku, haujali kama ni l ama ni r. Kwa hiyo alimjibu: "Nanjala tulishampereka mahari. Shule ingoje kwanza."

Osundwa akasikia mahari. Hakuuliza swali la pili. Alikata simu, akawatangazia walimu kwamba huyo ameshatolewa mahari, kazi ikaisha.

Nilimweleza hayo yote polepole, huku nikijizuia. Akacheka kwa dharau.

"Mama, mimi nimesoma. Mahari na mahali siwezi kuchanganya. Hizo ni hadithi za kufunika aibu. Hebu kaeni hapo mahari pa wageni nimalize kula, halafu mwende nyumbani."

Madam Jepkoech, mwalimu wa kilimo, alikuwa kwenye meza ya dirishani akisahihisha vitabu. Kalamu yake ikasimama.

"Mahari pa nani, mwalimu?" nikamwuliza. "Nikae kwa mahari ya nani? Yangu ama ya bibi yako?"

Madam Jepkoech ni Mkalenjin, mzozo wetu wa l na r kwao haupo, naye alicheka waziwazi mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefuata alama za mtoto wangu. Bila mradi hakuna gredi ya kilimo, na bila kilimo hakuna ile kozi ya mifugo na mimea ambayo Nanjala ameililia tangu kidato cha pili. Kabichi za mradi alizipanda mwenyewe, akazipalilia, na kila asubuhi alikuwa akitoka nyumbani na majivu ya kufukuza wadudu. Kilichobaki ni zivunwe zipimwe.

Osundwa aliichukua barua ya hospitali, akaisoma kwa mara ya kwanza. Hakunitazama, wala hakumtazama Nanjala. Neno pole halikumtoka.

"Sawa," akasema. "Kama ni ugonjwa, siku hizo amesamehewa. Madam, nenda umpimie kipande chake cha shamba la shule, alama zake ziende leo pamoja na za wenzake."

Nanjala aliinua kichwa. Tangu atoke hospitalini sikuwa nimeyaona meno yake.

Lakini Madam Jepkoech alikuwa ameacha kucheka. "Mwalimu," alisema, "kipande hicho uliniambia hakina mwenyewe tena. Uliniambia kabichi zipelekwe jikoni."

Alikuwa anaangalia sahani. Sote tukaiangalia. Ugali ulikuwa umebaki tonge moja, na kabichi kidogo pembeni, pamoja na maganda ya nyanya.

Nanjala alianza kulia bila sauti. Mimi nilimwondolea Osundwa ile sahani mbele yake, nikaenda kuiweka juu ya vitabu vya Madam Jepkoech.

"Pima hizi," nikamwambia. "Zile zingine umwulize huyu amezipeleka mahari gani."